Tangazo Lililomfuata Mzee Dakika

Mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea saa yako, hata kama imekanyagwa na lori, angeigeuza mkononi, akabana jichoni ile lenzi yake nyeusi, akaichungulia, kisha akakwambia, "Dakika mbili tu." Dakika mbili za Mzee Dakika zilikuwa na watoto na wajukuu. Ungeweza kwenda sokoni, ukarudi, ukapika, ukala, nazo bado zinazaana. Lakini saa ikitoka mkononi mwake ilikuwa imepona kweli, ndiyo maana watu walimcheka na bado wakarudi.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Meza ilikaa chini ya dirisha, na juu yake taa ya kupinda shingo, vibano, na bisibisi nyembamba kama sindano zilizopangwa kwenye kitambaa. Ukutani zilining'inia saa za watu zikisubiri zamu. Nyuma yake palikuwa na mlango usiofungwa kamwe, na ng'ambo ya mlango chumba cha mke wake. Huyu alishona mapazia, na mtaa, kwa uvivu uleule wa kutafuta majina, ulimwita Bi Pazia. Tangu watoto wakiwa wadogo walifanya kazi hivyo, huku saa, kule cherehani, wakiongea kupitia mlango bila kuinua macho.

Siku hizi maongezi yao yalikuwa yamepinda kidogo.

"Baba watoto, hili pazia limepauka!"

"Nani kapasuka?"

"Limepauka!"

"Basi mpelekeni hospitali, mnangoja nini?"

Mzee Dakika aliitupia lawama cherehani. Ilinguruma mno, alisema, hata mwenye masikio ya paka asingesikia kitu. Ukweli aliujua. Kwanza zilinyamaza saa ndogo za kike. Alizifungua akidhani zimesimama, akakuta gurudumu linacheza vizuri kabisa. Kisha zikanyamaza za kiume. Sasa akitaka kujua kama saa inatembea aliibandika kwenye mfupa wa taya, mlio ukampitia mfupani, na mtu akiingia ghafla alijifanya anajikuna ndevu.

Kwa maneno asiyoyasikia alikuwa na dawa moja: tabasamu pana, na "Hongera sana, Mungu azidishe." Mara nyingi ilifaa. Watu huleta saa walizozawadiwa, za harusi, za kustaafu. Kuna mwalimu mmoja, mwanamke wa makamo, aliyeleta saa ya mezani ya mbao, akasema maneno fulani kwa sauti ya chini. Mzee Dakika akampa dawa yake. Yule mwalimu akamkodolea macho, akaikumbatia saa yake, akatoka. Labda kakumbuka kaacha chungu motoni, Mzee Dakika aliwaza, akaendelea na kazi huku akipiga mluzi.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humuumbua. Mzee Dakika aliumbuliwa na tangazo.

Kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba viwili palikuwa na kompyuta ya mapajani ambayo mtoto wao wa kiume aliwaachia aliponunua mpya. Mzee Dakika aliitumia kutafutia vipuri vya saa za zamani, na kusomea habari. Asubuhi moja alikuwa akisaka springi. Pembeni mwa ukurasa akaona picha ya mwanamume mwenye mvi, anacheka, na nyuma ya sikio lake kuna kitu kama punje ya haragwe. Chini yake paliandikwa: *Usikose tena neno la umpendaye.*

Masikini, Mzee Dakika alisema moyoni, akasogeza ukurasa.

Akafungua habari. Yule mwanamume alikuwa pale, anacheka. Akafungua utabiri wa hali ya hewa. Alikuwepo, chini ya wingu. Akafungua matokeo ya mpira, na huko nako, katikati ya timu iliyoshinda na iliyoshindwa, mvi zilezile, haragwe lilelile.

"Huyu bwana ananitakia nini?"

Alipiga hesabu ya fundi: kitu hakigeuki chenyewe bila kitu kingine kukigeuza. Kompyuta ilikaa pale ukumbini kutwa, na yeye kutwa alikuwa akisema "Nini?" na "Eti?" na "Umesemaje?" Bila shaka ilimsikia, ikamsemea kwa watu wake. Alitwaa taulo akaifunika.

"Imeugua?" Bi Pazia aliuliza akipita.

"Inasikia baridi."

Toka hapo akawa ananong'ona kila anapokaribia ukumbi. Sasa nyumba ikawa na watu wawili wasiosikilizana: yeye hamsikii mkewe kwa sababu ya masikio, mkewe hamsikii yeye kwa sababu ya minong'ono.

Tangazo halikukoma. Hatimaye alimpigia simu mkamwana wake, mke wa yule kijana wao, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za maduka. Alikuja mchana wa siku ya mapumziko, na begi lake mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ongea chinichini. Kitu hiki kinasikiliza." Akaiondoa taulo kama mtu anayefunua kidonda. "Kimewaambia watu mambo yangu. Mimi nimetulia na springi zangu, huyu hapa. Naangalia mvua, huyu hapa!"

Mkamwana alivuta kiti akakaa upande wake wa kulia. Alitazama skrini, akamtazama mkwewe.

"Haikusikilizi, baba. Hivi ni vidakuzi."

"Vidudu?"

"Vidakuzi."

"Vidudu wezi? Vimeiba nini?"

"Vi-da-ku-zi." Alijitahidi asicheke. "Ukifungua tovuti, inaandika alama ndogo, herufi na namba chache, inaiacha humu ndani ya kompyuta yako. Ukirudi kesho inaisoma: aa, huyu ni yule wa jana, anasoma kwa lugha hii, kwenye kapu lake kaacha springi mbili. Bila alama hiyo, kila ukifungua ukurasa wewe ni mgeni mpya."

Mzee Dakika alinyanyuka, akaenda mezani, akarudi na saa ya mkononi iliyofunguliwa mgongo. Akaielekeza kwenye mwanga. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mikwaruzo midogo, kama nyayo za sisimizi.

"Alama zangu," alisema. "Kila saa ninayoitibu naiwekea. Ikirudi najua huyu mgonjwa wangu, najua nilimfanyia nini. Mwenye saa hana habari."

"Hivyohivyo! Na hizo hazina ubaya."

"Zenye ubaya ni zipi?"

"Alama zako anazisoma nani?"

"Mimi. Mwingine akifungua ataona mikwaruzo tu."

"Sasa chukulia kuna mtu mmoja, kaajiriwa na kila duka la mtaa huu. Duka la viatu yupo, la dawa yupo, la magazeti yupo. Ukiuliza dawa ya mba kule, anaandika. Ukienda kununua gazeti, unamkuta mlangoni kakushikia chupa ya dawa ya mba."

"Nitamzaba kofi."

"Humwoni. Halafu ulimkaribisha mwenyewe." Alifungua tovuti moja, na chini ya skrini pakachomoza kile kibao kilichozoeleka: *Tovuti hii inatumia vidakuzi. Kubali vyote.* "Hiki unakifanyaje?"

"Nakibonyeza. Nimekibonyeza maisha yangu yote."

"Bila kusoma?"

"Nilidhani ni adabu! Mtu akikwambia karibu, si unasema ahsante?"

Mkamwana alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. "Basi umeshukuru sana, baba. Umeshukuru dunia nzima."

Mzee Dakika naye alicheka, kisha akamkazia jicho, lile la lenzi. "Na wewe, kwenye hizo tovuti zako, unaviweka?"

"Naviweka. Mwenye duka akivitaka."

"Hata huyu wa mlangoni?"

Mkamwana alikwaruza meza kwa ukucha. "Hata huyo, wakati mwingine. Ila kitufe cha kukataa nakifanya kikubwa sawa na cha kukubali. Kuna wenzangu wanakifichaficha, ukitafute mpaka uchoke."

"Si haba," alisema Mzee Dakika. Akafikiri. "Lakini mimi sijauliza habari za masikio popote. Naapa. Huyu mtu kaandika nini kunihusu?"

Mkamwana alikigusa kiti. "Kompyuta haijui watu, baba. Inajua kompyuta. Yeyote anayekaa kwenye kiti hiki, kwake ni mtu mmoja."

Mzee Dakika alikitazama kiti. Kilikuwa na mto ulioshonwa kwa vipande vya mapazia. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

"Kuna mahali pa kuona kurasa zote zilizofunguliwa," mkamwana aliendelea, taratibu, "lakini sitapagusa. Ni mambo ya mtu. Ninachoweza ni kukuonyesha pa kufutia vidakuzi. Hapa. Unabonyeza tu."

Kidole cha Mzee Dakika kilikaa juu ya kitufe. "Acha kwanza," alisema.

Mkamwana alipoondoka, mzee alisimama ukumbini na hasira yake. Alijiona kama saa iliyofunguliwa mgongo mchana kweupe, matumbo nje, bila kuulizwa. Na kingine kilimwuma: mkamwana alikuwa amekaa upande wa kulia, upande wa sikio lenye nafuu. Alipokumbuka vizuri, siku hizi kila mtu alikaa kulia kwake. Hakuna aliyekuwa hajui. Siri aliyoibeba kwa jasho ilikuwa imeanikwa kamba moja na mapazia.

Akaingia chumba cha pili. Bi Pazia alikuwa ameinamia pindo, pini zimejipanga mdomoni.

"Mama watoto."

"Mm."

"Ile mashine imesema."

Bi Pazia alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kijimto. Kisha akainua uso, akaongea polepole, kwa sauti ya kutosha. "Imesema nini?"

"Imesema unaniona kiziwi."

"Basi ina mdomo mpana kama dada yako. Mimi sikutaja kiziwi. Niliuliza kama vinauma."

"Nini?"

"Vile vitu vya sikioni. Niliuliza kama vinauma. Kama mtu anaweza kulala navyo. Kama mtu mbishi anaweza kuvizoea. Hilo la mwisho sikupata jibu."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza! Nilikaa pale pale, nikakuuliza, 'Mume wangu, masikio yako vipi?' Ukaniambia sukari imetosha."

Mzee Dakika alitaka kubaki na hasira. Alijitahidi. Lakini kicheko kilimponyoka puani, na Bi Pazia naye akaangua chake. Halafu mkewe akalikunja pazia mapajani mwake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Unamkumbuka yule mwalimu wa saa ya mbao?"

"Aliyetoka mbio."

"Alikwambia saa ni ya baba yake, na baba yake wamemzika juma lile. Ukamwambia hongera sana, Mungu azidishe."

Mzee Dakika alikaa. Hapakuwa na kiti pale. Alikaa juu ya rundo la mapazia ya wateja, na Bi Pazia, ambaye hakuruhusu hata paka kuyakalia, hakumwondoa.

"Nilimkimbilia na pini kwenye gauni," alisema. "Nilimkuta kwenye kona analia. Nikamwambia, mume wangu hasikii vizuri, hana moyo mbaya. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Nikarudi nije nikwambie. Nikakukuta umeinama, unapiga mluzi, una furaha zako. Nikashindwa. Ndipo nikaenda kuiuliza kompyuta. Yenyewe hainuni."

Mzee Dakika alitazama mikono yake. Iliweza kushika skrubu isiyoonekana kwa macho, na sasa haikuwa na cha kushika.

"Umekuwa ukiwakimbilia wangapi?"

"Waache hao."

"Twende lini?"

"Wapi?"

"Kwa watu wa masikio."

"Kesho."

"Kesho nina saa ya—"

"KESHO."

"Hiyo nimeisikia," alisema Mzee Dakika.

Mpimaji alikuwa binti mpole mwenye koti jeupe. Alimvisha mzee vitu masikioni, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila asikiapo mlio. Mzee Dakika alibonyeza kwa bidii. Binti alitazama karatasi yake, akastaajabu, akagundua kwamba mzee anamtazama yeye, na anabonyeza kila mkono wake unapogusa mtambo. Akakigeuza kiti cha mzee kikaelekea ukutani.

"Mzee wangu, huu si mtihani wa kufaulu."

"Mwambie tena," Bi Pazia alidakia kutoka kwenye benchi.

Vile vitu vilipokuwa tayari na kuvikwa nyuma ya masikio yake, sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya viatu vyake mwenyewe. Ya pili ilikuwa pumzi ya mke wake, yenye filimbi ndogo puani ambayo aliisahau kabisa. Alimshika mkono njia nzima ya kurudi, na hawakusema sana, kwa sababu dunia yenyewe ilikuwa ikipiga domo.

Alipofungua mlango wa duka alisimama kizingitini. Saa zote za ukutani zilikuwa zikilia, kubwa kwa ndogo, kila moja na mwendo wake, kama mvua inayoanza juu ya bati. Bi Pazia alimwangalia, kisha akapita pembeni yake, akaenda zake ndani, akamwachia saa zake.

Wiki hiyo hiyo walikwenda wote wawili kwa yule mwalimu. Mzee Dakika alikuwa ametunga hotuba njiani, na mlango ulipofunguliwa ikamtoka yote kichwani. Alisema tu, "Sikukusikia. Pole kwa msiba wa mzee wako." Mwalimu alisogea kuwapisha mlangoni. Akawakaribisha ndani, akawasimulia habari za baba yake, namna alivyoigombeza ile saa kila asubuhi kana kwamba ni mtoto mvivu. Mzee Dakika alisikia kila neno. Walipoondoka, saa ya mbao ilikuwa mikononi mwake, na alipoulizwa itachukua muda gani, alisema hajui, ila ataitengeneza yeye mwenyewe na ataileta yeye mwenyewe.

Yule mwanamume wa mvi aliendelea kucheka kila ukurasa. "Mwambieni nimeshavinunua!" Mzee Dakika alilalamika. Mkamwana, aliyekuja tena na begi lake, alimweleza: "Kidakuzi kinajua ulitafuta, baba. Hakijui kama ulipata." Safari hii wakavifuta. Kisha akawagawia kompyuta sehemu mbili, ya baba na ya mama, kila mmoja na neno lake la siri, ili atakachotafuta huyu kisimwangukie yule.

Mzee Dakika akawa hakimu. Kila kibao kilichochomoza alikisoma chote, kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho, kisha akabonyeza *Kataa* kama anayefukuza mbuzi. Akakataa hata vile vya kapu, akapoteza springi alizochagua mchana kutwa. Ndipo akajifunza kuchambua, vya lazima akaviacha, vya yule bwana wa mlangoni akavitoa.

Kitu kimoja hakuna aliyekiwazia. Bi Pazia alikuwa na tabia ya kuimba na kusema peke yake akishona. Kwa muda mrefu alisema kwa raha, maana hakukuwa na wa kumsikia. Asubuhi moja sauti yake ilipita mlangoni, shwari kabisa: "…kikombe kakiacha tena dirishani, huyu mzee huyu, na kola ya shati lake imelika, sijui nimbadilishie, halafu atasema ni nzima, lakini shingo yake bado nzuri, lazima tukubali…"

"Kikombe nakitoa!" Mzee Dakika aliitikia kutoka mezani.

Mkasi ulianguka sakafuni.

"Umesikia?"

"Kila neno."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze wimbo. Mama watoto, hujui kuimba."

Cherehani ilianza tena, kwa kasi, kama inayoona haya. Mzee Dakika alicheka peke yake akashika shingo yake, akaipapasa.

Mchana wake simu ya Bi Pazia iliita. Alitokea mlangoni akiwa ameifunika kwa kiganja.

"Baba watoto, vua hivyo."

"Kwa nini?"

"Dada yangu yuko kwenye simu."

"Ongea naye, nani kakukataza?"

"Nataka kukusema wewe."

Mzee Dakika alilifikiria ombi hilo, na hakuona kosa ndani yake. Akavivua, kimoja, na cha pili, akaviweka kwenye kisanduku chao, akakifunga mbele yake ili aone. Saa za ukutani zikasogea mbali. Kupitia mlango alimwona mke wake anakaa chini, anajipepea kwa kipande cha kitambaa, mdomo wake umeshashika mwendo. Alirusha mkono. Akacheka, kichwa nyuma. Akanyoosha mkasi kuelekea dukani, moja kwa moja kwa mumewe.

Mzee Dakika alibana lenzi jichoni, akaivuta saa ya mbao karibu na taa, akainamia kazi yake, asije akajikuta anaisoma midomo ya mkewe.